Kichwa cha Jumapili

Mjukuu wangu Neema alishikwa na kichwa siku ya pili ya msiba wa mama mdogo, pale Geita, uwanja umejaa watu na moshi wa kuni mbichi unatupiga machoni. Alikuwa akipeleka sahani za wali kwa wazee, akasimama katikati ya uwanja kama aliyesahau anakokwenda, kisha akanigeukia akaniambia, "Bibi, nusu ya uso wako siioni." Mungu wangu! Wamama wawili waliokuwa wakichambua mchele karibu yangu wakatazamana. Mmoja akanong'ona, ule mnong'ono wa mtu anayetaka asikike, "Marehemu ameshaanza kuchagua mtu wake." Mimi nina umri wangu na magoti yangu ni ya kubembeleza, lakini niliinuka kwenye ule mkeka kama msichana. Nikamwambia, "Marehemu hajachagua mtu, mama. Marehemu amepumzika. Huyu mtoto hajala tangu jana na amesimama juani asubuhi nzima." Nikamshika Neema mkono, nikamwingiza ndani.

Nilimlaza chumba cha nyuma, nikafunga dirisha, nikatundika kanga juu ya pazia maana pazia lenyewe lilikuwa jepesi, nikamwekea ndoo kando ya kitanda. Akatapika, akajikunja, akalala. Nikakaa sakafuni kwenye kile kigiza, nikisikiliza wanaume huko nje wakibishana nani akarudishe turubai la kukodi, na hapo nikaanza kucheka peke yangu, mkono mdomoni, tena msibani. Maana huyo tuliyekuwa tunamlilia ndiye aliyenifungia dirisha namna hiyohiyo nilipokuwa msichana kama Neema. Na kama si mdomo wake mkali na kofia ya mume wake, mimi leo nisingekuwa mwalimu mstaafu. Ningekuwa nimevikwa simbi, zile kauri za waganga, shingoni, nimekaa kwenye kibanda cha bibi yangu, nawapigia watu ramli.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, au wa tano, sibishani na mtu. Kwetu, upande wa Mwakitolyo, shule iliishia darasa la nne. Aliyefaulu alitafutiwa ndugu anayekaa karibu na shule ya kati, na mimi nikatafutiwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa na fundi baruti kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita. Waliishi kota: chumba kimoja, sebule moja, jiko la nje la mabati na bustani ya mchicha ambayo mama mdogo aliilinda kuliko alivyotulinda sisi. Mimi nililala sebuleni na wanawe mapacha, Kulwa na Doto, wao miguuni, mimi kichwa ukutani. Juu ya kichwa changu palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia kofia ya pama ya baba mdogo. Ilikuwa kofia ya heshima, kahawia, ina utepe mweusi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Akitoka kazini aliitundika hapo kabla hata ya kuvua viatu. Kila nikilala niliiona, na Jumamosi ilikuwa na harufu yake, tamutamu, ya ndizi zilizoiva zikapitiliza. Nilidhani ni mafuta ya nywele.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku niliyoipenda. King'ora cha mgodi kililia mchana, wanaume wakarudi mapema, mama mdogo akapika ugali wa muhogo na sato kama kapatikana, dagaa kama hakupatikana. Wenzake baba mdogo walikuja wakakaa kwenye mabenchi nje ya mlango, na mimi nikiosha vyombo nilisikia maneno yao yote. Walizungumzia mnyapara mpya, wakazungumzia miamba kama watu wanavyozungumzia wake zao, na kila mara mmoja wao alisema, "Mimi wiki hii sitaki kichwa cha Jumatatu," wakacheka. Nikajua ni pombe ya Jumapili wanayoisema. Mama mdogo naye alijua hivyo, akawa anafyonza huko jikoni.

Mimi changu kilikuwa kichwa cha Jumapili. Kilianza nikiwa na wiki chache tu pale. Niliamka, nikaoga, nikavaa gauni langu la kanisani, na kabla hatujamaliza chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kona ya jicho likatokea kitu kinachometameta, kama kipande cha kioo kinachochezeshwa juani na mtoto mtundu. Kikakua. Kikala nusu ya uso wa mama mdogo, kikala nusu ya kikombe. Kilipoondoka, maumivu yakaingia upande mmoja wa kichwa na kukaa humo, yakipiga kwa mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Harufu ya michembe ikawa adui. Nilitapika njiani kwenda kanisani, nikatapika nyuma ya kanisa, na Jumapili iliyofuata tena, na nyingine tena. Jumatatu naamka mzima, nakimbia shuleni, nacheka. Mpaka leo sili michembe Jumapili, na anayetaka kunisema na aniseme.

Sasa fikiria mtu mzima akiyatazama haya kwa macho ya wakati ule. Nilikuwa nasoma mafundisho ya ubatizo. Misa ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kusomwa Kiswahili, na katekista alikuwa ametuahidi ubatizo sikukuu ya Noeli. Mtoto haumwi Jumanne, haumwi Alhamisi, anaumwa Jumapili, tena akielekea kanisani. Katekista alidhani ni ubani. Jirani alidhani ni hila ya kukwepa kanisa. Mama mdogo alidhani ni njaa, akawa ananishindilia uji. Lakini habari ilipofika nyumbani kwetu, na habari ya namna hiyo haihitaji gari, ukoo wa baba haukudhani chochote. Wao walijua. Mimi niliitwa Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha, na nilizaliwa kiangazi cha kukausha visima. Niliitwa hivyo kwa sababu ya mama yake baba, Bibi Kabula, ambaye alikuwa mganga wa ramli, na aliyekuwa na kichwa.

Hapo nyumbani ilisemwa hivyo tu: "ana kichwa." Nilipokuwa mdogo bibi alinituma kuteka maji na kuchuma mlenda kama bibi yeyote, lakini siku nyingine alijifunga kitambaa usoni kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda, akalala kibandani mwake na kuniita kwa sauti ndogo, "Kabula, funga mlango, jua linanipiga." Nilifunga, nikakaa naye. Alinishika kisigino, sijui kwa nini kisigino, akakishika mpaka alipopata usingizi. Watu walisema kichwa kile ndicho kilichomwita kwenye uganga. Mababu walimpiga kichwa mpaka akakubali kuvikwa simbi. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaenda Geita. Basi kichwa kilipoanza kunipiga mimi, tena kikichagua siku ya kanisa, nilikuwa wa kwanza kuamini. Sikumwambia mtu habari ya kile kioo kinachometameta. Niliogopa kwamba nikikitaja, ndiyo basi. Na kilichoniuma kuliko kichwa, naomba nieleweke, hakikuwa shule wala ubatizo. Ni kwamba bibi yangu, aliyenishika kisigino, amenikasirikia.

Baba mkubwa alifika Jumamosi moja jioni, wiki chache kabla ya Noeli. Alikuwa kaka mkubwa wa baba, na baba yangu mbele yake hakuwa na kauli. Alikuwa mtu mrefu wa ng'ombe, na sauti ya kuita ng'ombe, na herufi moja haikuwahi kukaa mdomoni mwake. Nilipiga magoti, "Shikamoo, baba mkubwa." "Malahaba, ng'wanawane," akanijibu, mwanangu, akaniwekea mkono kichwani pale panapouma. Alikula ugali wa watu wawili, akanywa maji, akanawa, ndipo akasema alilolijia. Mimi nilikuwa jikoni, lakini mabati hayazuii sauti kama ile.

"Shemeji, sikuja kugombana. Jumatatu naondoka na Kabula. Bibi yake anamtaka. Tumeuliza kwa lamli mala mbili, jibu ni lilelile."

"Mliuliza nini?" Mama mdogo huyo. "Mliuliza mtoto ana umri gani? Mliuliza yuko darasa la ngapi?"

"Mambo ya masamva hayana dalasa."

"Masamva ni mababu zenu, shemeji, nawaheshimu. Lakini mtoto huyu mwalimu wake amesema atafika darasa la nane. Nani kwenu amefika darasa la nane?"

"Kwetu wamefika kwingine," akasema baba mkubwa, na hakusema kwa ubaya. "Shemeji, mimi nampenda huyu mtoto. Tukimwacha abatizwe, kichwa kitamuua. Wewe unataka akufie hapa?"

Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno machache, na tena mtoto si wake, ni wa ukoo wa watu. Nilisikia mama mdogo akifyonza, kisha nikamsikia akikusanya vyombo, na hilo liliniogopesha kuliko maneno yote. Mama mdogo hakuwa mtu wa kuachia ugomvi njiani.

Mgeni alipewa nafasi yangu sebuleni, godoro la sufi chini ya msumari, Kulwa na Doto miguuni pake. Mimi nikapelekwa kulala kwa Mama Tereza, jirani yetu wa ukuta mmoja. Niliamka asubuhi, nikangoja. Nilioga nikingoja, nikavaa gauni nikingoja. Tukaenda kanisani na Mama Tereza moja kwa moja kutoka kwake, na njia nzima nilitazama kona za macho yangu kama mtu anayetazama kichaka chenye nyoka. Hakuna kitu. Katekista akaimbisha, ubani ukafuka, jua likapita dirishani likanipiga usoni. Kichwa changu kilikuwa chepesi kama cha mtoto mchanga. Hapo ndipo nilipolia. Mama Tereza alidhani ni neema ya Mungu, akanipigapiga mgongoni. Kumbe mimi nilikuwa nimeelewa kitu kingine: bibi ameacha kunipiga kwa sababu ameridhika. Amenipata. Kesho naondoka.

Nilirudi kota nikiwa nimeshaanza kuaga vitu, kuaga ule mti wa mpera wa Mama Tereza, kuaga bomba la maji. Nikaingia sebuleni. Mlango wa nyuma umefungwa, dirisha limefungwa, na kwenye godoro langu, yule mtu mrefu wa ng'ombe amelala amejikunja, shuka amejifunga usoni mpaka nyusi zimepanda. Kando yake ndoo. Mama mdogo amesimama na kikombe cha uji, mkono mwingine kiunoni.

"Kimemuanza kabla ya chai," akaniambia. "Anasema uso wangu ameuona nusu."

"Nusu," baba mkubwa akanong'ona. Sauti ile yote ilikuwa imeisha. "Kitu kinametameta. Halafu nusu."

Kile kioo! Sikuwahi kumtajia mtu, na sasa kinatajwa na mtu mwingine, mwenye ndevu. Lakini mama mdogo yeye hakuwa na kioo cha kufikiria, alikuwa na hesabu yake nyingine. Alimwinamia yule mtu, akamuuliza kwa upole ambao ulikuwa mkali kuliko ukali wake, "Kwani na wewe, shemeji, unabatizwa?"

Nje mapacha walikuwa wakifukuza kuku kwenye mchicha. Mama mdogo akaendelea, "Maana mimi nimeambiwa kichwa hiki kinakataa kanisa. Wewe kanisa umelionea wapi? Aliyekwenda kanisani ni huyu hapa, mtazame, amerudi mzima kama jongoo wa masika. Aliyebaki hapa amelala na mababu zake ndiye anatapika. Nieleweshe, shemeji, mimi sijasoma."

Baba mdogo alikuwa ametoka kuoga, amesimama mlangoni na taulo begani. Nilimwona anamtazama mgonjwa, anatazama godoro, kisha anapandisha macho polepole ukutani mpaka kwenye msumari. Aliitazama kofia yake kama vile imemtukana mbele za watu. Akaitungua, akatoka nayo nje, tukamsikia akienda mpaka nyuma ya choo. Aliporudi hana kofia. Akafunga mlango, akachuchumaa.

"Nitakalosema lisitoke humu," akasema. "Likitoka, sina kazi."

Akatueleza. Watu wa baruti, akasema, wakishaizoea haiwaumizi. Lakini mwili una usahaulifu. Ukikaa Jumapili bila kuinusa, Jumatatu ukirudi inakupasua kichwa kama siku ya kwanza, na mnyapara hataki kusikia. Basi wao Jumamosi huiba ile karatasi inayofungiwa baruti, iliyolowa mafuta yake, na kuichomeka ndani ya utepe wa kofia. Jumapili wanainusa kidogokidogo, wanapita nayo huku na huku, ili Jumatatu baruti isiwaone wageni. Kwa hiyo hicho ndicho kichwa cha Jumatatu. Haikuwa pombe hata kidogo. "Naitundika hapo," akasema baba mdogo, akionyesha msumari, "juu ya kichwa cha mtoto. Usiku kucha anavuta. Mimi mwenyewe. Mwaka mzima huu."

"Baluti!" Baba mkubwa alikaa wima. "Umenilaza chini ya baluti!" Akainuka na shuka lake usoni, akapapasa mlango, akatoka mbio, jua likamkuta, akatapika mchichani. Jamani! Mama mdogo alipiga kelele kwa ajili ya mchicha wake, Kulwa na Doto wakaanguka chini kwa kicheko, na mimi, nikiwa sijui kama naruhusiwa, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Ilikuwa kofia! Si bibi. Ilikuwa kofia!

Alasiri, baada ya kulala chumbani gizani, baba mkubwa alitoka mwenyewe, akanywa uji, akarudisha kikombe. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba maisha yangu yote. "Hawa mapacha nao wanalala hapo hapo. Mbona wao hawaumwi?"

Baba mdogo akainua mabega. Wengine inawapata, wengine haiwapati. Ni mama mdogo aliyejibu, naye alijibu akimenya mihogo, bila kutuangalia. "Hawa ni wangu na wa mume wangu. Huyo msichana na wewe ni wa Bibi Kabula."

Baba mkubwa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono. Ndipo akasema jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia hata mkewe. Alikuwa nacho kichwa tangu ujana. Kilimpata machungani jua likiwa kali, kilimpata akikosa usingizi, kilimpata siku ya pili ya sherehe. Alilala kwenye vichaka, akirudi akasingizia ndama aliyepotea. Mwanaume mzima atasema ana kichwa cha mama yake?

"Na mama yenu," akauliza mama mdogo, "alipovikwa simbi, kichwa kiliacha?"

Alifikiri kweli, yule mzee. Niliona anarudi nyuma kwenye miaka yote ile. "Hapana," akasema. "Hakikuacha. Tulikuwa tunamfungia mlango mpaka alipokufa."

"Basi," akasema mama mdogo, akatupa muhogo kwenye sufuria.

Baba mkubwa aliondoka Jumatatu peke yake, juu ya lori la pamba, amejifunika kichwa na kanga ya mama mdogo. Kabla ya kupanda aliniita pembeni. Sharti lake lilikuwa moja: wakinibatiza wanipe jina lolote walitakalo, lakini Kabula lisiondoke. Nikamwambia haliondoki. Noeli nilibatizwa Veronika Kabula, hakuna ubani wala jua lililonisumbua, na darasa la nane nikafika, na mbele yake pia. Kuhusu kofia, baba mdogo hakuihamishia jikoni wala bandani. Aliacha ile karatasi kabisa. Hakutuambia, ila nilijua kwa sababu tangu hapo, Jumatatu jioni, alirudi amejifunga leso usoni, macho mekundu, na mimi nikaenda kumfungia dirisha. Alivumilia Jumatatu zake hivyo mpaka mgodi ulipofungwa. Mtoto si wake, ni wa ukoo wa watu.

Sitaki kudanganya kwamba kichwa changu kiliisha. Kilipungua, kikaacha Jumapili, kikaja siku kilipotaka: nikishinda njaa, nikikesha kusahihisha, hedhi ikikaribia, jua likigonga bati jipya. Nilikuwa mwalimu wa watu tayari, Shinyanga mjini, daktari aliponipa jina lake, kipandauso, akaniuliza nani mwingine kwetu anacho. Nikamtajia. Akasema kinatembea kwenye damu, lakini mara nyingi kinahitaji kitu cha kukiamsha. Nikamwambia hilo nalijua, daktari: kuni zilikuwa za bibi yangu, kiberiti kilikuwa cha baba yangu mdogo. Akadhani naumwa sana, akaniongezea dawa. Tangu hapo nakula kabla ya kutoka, navaa kofia, nalala mapema, na mwanangu mmoja kati ya wanne anacho, na sasa na binti yake.

Neema aliamka jua likiwa limeshuka. Nilisikia anageuka, kisha mkono wake ukanitafuta gizani.

"Bibi," akasema, "nimemkosea nini marehemu?"

Kumbe aliwasikia wale wamama. Nikamshika kisigino. Nilikuwa nimengoja tangu usichana kumwambia mtu maneno yale, na sikujua kama nilikuwa nayangoja.

"Hujamkosea mtu," nikamwambia. "Hakuna aliyekukasirikia. Ni kichwa tu, mjukuu wangu. Kichwa cha kwetu."

"Kichwa tu?"

"Kichwa tu."

Akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Halafu akaniuliza kama wali umebaki.